Insha ya kushawishi ianze na mtu anayepinga, si na maana ya neno

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na ninaileta hoja hii kwa walimu wenzangu, kwa wazazi na kwa yeyote aliyewahi kusoma insha ya kijana wa kidato cha pili au cha tatu inayotakiwa kumshawishi mtu jambo fulani. Nyingi za insha hizo hazina makosa makubwa ya lugha. Upatanisho wa kisarufi upo, aya zipo, utangulizi, kiini na hitimisho vimekaa mahali pake, na bado ukifika mwisho huoni ni nani angebadili mawazo yake kwa kuisoma. Dai langu ni kwamba vijana hufundishwa umbo la insha kabla ya kupewa mtu wa kubishana naye, na umbo hilo likishawakaa kichwani ni vigumu sana kulitoa.

Tazameni jinsi insha hizo zinavyoanza. Mada ikiwa ni simu shuleni, sentensi ya kwanza itakuwa "Simu ni chombo cha mawasiliano kinachotumika kupeleka na kupokea taarifa." Mada ikiwa ni rushwa, tutaelezwa kwanza rushwa ni nini. Kisha inafuata "Zifuatazo ni faida za...", halafu kwanza, pili, tatu, mpaka sita, kwa sababu mwanafunzi ameshazoea kwamba idadi ya hoja ndiyo inayolipa, na mwisho tunaambiwa kwamba serikali, wazazi na jamii kwa ujumla hawana budi kushirikiana. Muundo huo unafaa kwa swali linalotaka maelezo, maana unamwonesha mtahini kwamba mtahiniwa anakumbuka alichofundishwa. Kushawishi ni kazi nyingine kabisa: msomaji tayari ana msimamo wake, ana sababu zake, na hana wajibu wowote wa kukubaliana nawe.

Mada zenyewe nazo zina sehemu ya lawama. "Elimu ni bora kuliko fedha" na "Mkulima ni bora kuliko mwalimu" zimetumika katika midahalo ya shule tangu sisi tukiwa wanafunzi, na sina ugomvi nazo kama burudani, lakini hakuna mtu anayekaa mezani kuamua kati ya elimu na fedha. Ninapendelea mada yenye mtu wa kusema ndiyo au hapana, na kijana awe anamfahamu: mkuu wa shule, mwenyekiti wa mtaa, mzazi, mwenye daladala ambaye kondakta wake huwaacha wanafunzi kituoni kwa sababu nauli yao ni ndogo. "Simu za mkononi shuleni" ni mada pana mno. "Mkuu wa shule aruhusu wanafunzi wa bweni wazungumze na wazazi wao kwa simu Jumamosi alasiri" ni mada ambayo mtoto anaweza kuishika.

Mada ikishapatikana, utangulizi unasubiri. Kazi ya kwanza ya darasa ni kuandika aya moja ya upande wa pili. Kila mwanafunzi anaandika kana kwamba yeye ndiye mkuu wa shule anayekataa ombi hilo, kisha wanabadilishana madaftari, na aliyepokea ana ruhusa ya kuirudisha aya ikiwa mkuu wa shule amefanywa mjinga au mkatili. Mara ya kwanza wengi huandika kwamba mkuu wa shule hapendi maendeleo. Hiyo inarudi. Baada ya kurudishwa wanaanza kuandika kama watu waliowahi kukaa katika kiti hicho: simu huibwa bwenini na kila wizi humleta mzazi ofisini, wanafunzi hukesha nazo na asubuhi husinzia darasani, na asiye na simu hujiona mnyonge mbele ya mwenye nayo. Hapo sasa kuna mtu wa kujibiwa.

Naomba nioneshe tofauti kwa karibu, kwa mfano nilioutunga kwa kufuata aina ya insha ninazozisahihisha. Kabla ya zoezi hilo, aya huwa hivi:

"Simu zina faida nyingi kwa mwanafunzi. Kwanza, zinarahisisha mawasiliano. Pili, zinaelimisha. Tatu, zinaburudisha. Wahenga walisema elimu haina mwisho, hivyo simu ziruhusiwe shuleni."

Muulize aliyeiandika: katika haya, ni lipi ambalo mkuu wa shule halijui? Yeye mwenyewe ana simu mfukoni, na anajua kwamba inarahisisha mawasiliano. Hakuna sentensi hata moja inayogusa wizi, usingizi wala unyonge. Baada ya zoezi, kijana huyohuyo anaweza kuandika hivi:

"Mheshimiwa Mkuu wa Shule, tunajua kwamba simu zilizoingizwa bwenini kwa siri ziliibwa na kuleta ugomvi, kwa hiyo hatuombi simu zikae bwenini. Tunaomba kila bweni liwe na simu moja ndogo ya kitochi, isiyo na intaneti, ikae kwa matroni au patroni, na itumike Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni kwa kufuata orodha ya majina. Kwa sasa mwanafunzi mwenye shida humwomba mwalimu wa zamu simu yake, na mwalimu hutumia salio lake na muda wake wa kupumzika. Utaratibu tunaouomba utampunguzia mwalimu mzigo huo, na hakuna atakayejiona mnyonge, kwa kuwa simu itakuwa ya bweni, si ya mtu."

Lugha ya aya hii ya pili si ngumu kuliko ya kwanza. Kilichobadilika ni kwamba mwandishi ameacha sehemu ya alichokitaka ili apate sehemu iliyobaki, na kila sentensi inajibu hofu ambayo msomaji anayo kweli. Vijana hudhani kwamba kukubali sehemu ya hoja ya mpinzani ni kushindwa. Wanahitaji kuoneshwa, tena zaidi ya mara moja, kwamba msomaji akishaona umemwelewa hupunguza ukali, na kwamba asiyetajiwa hofu yake huendelea kuisikiliza hofu hiyo wakati wewe unazungumza.

Kuna jambo jingine ambalo walimu tunalipita haraka. Mwanafelsafa Mwingereza Stephen Toulmin alieleza mwaka 1958 kwamba kati ya dai na ushahidi wake kuna kitu cha tatu, yaani kanuni inayoturuhusu kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai, na kwamba mara nyingi kanuni hiyo haitamkwi. Katika aya ya kwanza, ushahidi ni "simu zinaelimisha" na dai ni "ziruhusiwe". Kanuni iliyofichika ni kwamba kila kinachoelimisha kiruhusiwe shuleni wakati wowote. Itoeni hadharani muiandike ubaoni, na darasa zima litaona kwamba hata wao hawaiamini, kwa sababu televisheni nayo inaelimisha na hakuna anayedai iwashwe wakati wa kipindi cha hisabati. Zoezi hili la kuitafuta kanuni iliyofichika vijana hulipenda kuliko nilivyotarajia, nadhani kwa kuwa linawapa ruhusa ya kuwakamata watu wazima wakisema mambo yasiyoungana.

Nawasilisha. Karibuni kwa michango na kwa kupinga.

Mwalimu wa Kiswahili, Kakamega

Mwalimu, hongera kwa uzi. Ninakubaliana na kiini chake, lakini huku kwetu mtihani una amri zake na siwezi kuzipuuza. Katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili ya KCSE, yaani mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, mtahiniwa ana saa 1 na dakika 45 kuandika insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima, kila moja isipungue maneno 400 na kila moja ikiwa na alama 20. Ile ya lazima huwa ya kiuamilifu, kama vile barua kwa mhariri, hotuba, tahariri au ripoti, na mwanafunzi asipozingatia sura yake anapunguziwa alama hata kama hoja zake zingemshawishi rais. Ndiyo maana wengi wetu tunaanza na sura. Isitoshe, swali likisema "jadili", mwanafunzi anatarajiwa kuzipima pande zote, ilhali wewe unazungumzia insha inayosimama upande mmoja. Ninahofia kwamba akizoea mtindo wako ataisahau nusu ya swali.

Mleta uzi

Ahsante, mwalimu. Sura ifundishwe, na ifundishwe vizuri. Anwani ya barua kwa mhariri huchukua kipindi kimoja na mazoezi machache. Nisichokikubali ni kutumia muhula mzima juu ya anwani. Hebu tuitazame hiyohiyo barua kwa mhariri: ni insha ambayo mpinzani wake yumo ndani tayari, kwa sababu hakuna anayeliandikia gazeti kukubaliana na hali ilivyo. Mtahiniwa anayejiuliza kabla ya kuandika "ni nani anaamua jambo hili, na ni kwa nini hajaliamua mpaka leo?" anaweza kuyaandika majibu yake pembeni kwa mistari miwili, na mistari hiyo itamzalishia aya kuliko orodha ya faida na hasara.

Kuhusu "jadili", ninaona kinyume chake. Mwanafunzi aliyezoea kuandika aya ya mpinzani kwa haki ndiye atakayeweza kuzipima pande mbili. Yule aliyezoea orodha huandika faida tatu na hasara tatu kisha akafunga kwa kusema pande zote zina ukweli, na hapo hajajadili chochote, amehesabu.

Mzazi, Dodoma

Mimi si mwalimu, nina watoto wawili sekondari. Samahani kama nitatoka nje kidogo. Ninaposoma hapa kwamba watoto wafundishwe kumjibu mkuu wa shule hoja kwa hoja, ninajiuliza kama hatuwafundishi ubishi. Mtoto anayeshinda kwa maneno shuleni ataleta maneno hayohayo nyumbani, na sisi wazazi tuna taratibu zetu. Je, hakuna mambo ambayo mtoto anapaswa kuyatii tu?

Mleta uzi

Ndugu mzazi, hujatoka nje hata kidogo, na swali hili ningependa lijibiwe kwa mfano mgumu kuliko wa simu. Tuchukue viboko shuleni, mada ambayo vijana wanaipenda na watu wazima wanaiogopa.

Kijana asiyefundishwa kushawishi ataandika kwamba viboko ni ukatili na walimu wanaonea wanafunzi. Hiyo ndiyo lugha ya ubishi, na mwalimu akiisoma atakunja uso kabla ya kufika mstari wa tatu. Kijana aliyefundishwa ataanza kwa kutafuta sheria inasema nini. Atakuta kwamba Kenya ilipiga marufuku adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Atakuta pia kwamba Tanzania inairuhusu kwa masharti yaliyowekwa katika kanuni za mwaka 2002: isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, mwanafunzi wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike isipokuwa pale ambapo hayupo, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Kijana huyo sasa ana njia mbili. Anaweza kudai kwamba adhabu hiyo ifutwe, na hapo msomaji wake ni wabunge na wizara. Anaweza pia kumwandikia mkuu wa shule yake kuomba kwamba kitabu hicho kiwepo na kitumike, na katika barua hiyo hana sababu ya kumwita mtu yeyote mkatili.

Njia ya pili ni ndogo, lakini angalieni adabu iliyomo ndani yake. Hajampa mkubwa wake amri, amemkumbusha taratibu ambazo mkubwa mwenyewe amekubali kuzifuata. Kwa maoni yangu mtoto anayeweza kuandika hivyo ni mtiifu zaidi kuliko anayenyamaza mbele ya mwalimu kisha akachana madaftari ya mwenzake usiku. Utii upo, na zipo amri ambazo mtoto hapaswi kuzijadili gari likiwa linakuja. Barua inayoandikwa kwa siku tatu, ikasomwa na mwenzake na kurudishwa mara mbili, haiko katika kundi hilo.

Mwalimu wa ajira mpya, Kigoma

Shikamooni walimu. Nimejaribu jambo linalofanana na hili na nimekwama kwenye ushahidi. Shule yangu haina maktaba ya maana, intaneti ni ya kubahatisha, na wanafunzi wakiambiwa walete ushahidi huleta methali au hubuni takwimu: "asilimia tisini ya vijana wanaathirika". Nimewakataza methali kabisa, lakini insha zimekuwa kavu kama muhtasari wa kikao. Nifanyeje?

Mleta uzi

Marahaba, mwalimu. Usiwakataze methali. Wafundishe kwamba methali ni sauti ya mtu mmoja katika mjadala, na kwamba upande wa pili nao una methali zake. Anayesema "haraka haraka haina baraka" ajiandae kujibiwa "ngoja ngoja huumiza matumbo". Nikirudi kwenye viboko, mwanafunzi anayevipinga atakutana na "mchelea mwana kulia hulia yeye", ambayo ndiyo nguzo ya wanaoviunga mkono, na insha yake haitakuwa na uzito mpaka aikabili. Mmoja anaweza kuandika kwamba methali hiyo inazungumzia kumwonya mtoto bila kuogopa machozi yake, na kwamba haijataja fimbo. Mtoto hulia pia anaponyimwa matembezi ya Jumapili. Huo ni ushawishi wa kweli, kwa sababu ameichukua silaha ya mpinzani mkononi, akaigeuza, na hakuitupa.

Na jambo hili si geni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu katika karne ya 19, na uzuri wa malumbano ya aina hiyo ni kwamba anayejibu hulazimika kuyachukua maneno ya mwenzake kabla ya kuleta yake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi na barua za wasomaji, na desturi ya kujibizana kwa mashairi magazetini iliendelea miongo mingi baadaye. Mpe mwanafunzi beti mbili zinazopingana umuulize: huyu wa pili amejibu nini, na amekwepa nini? Jibu la swali hilo ni somo zima la insha ya kushawishi, tena halihitaji intaneti.

Kuhusu takwimu za kubuni, kuwa mkali. Sentensi yenye asilimia isiyo na chanzo ifutwe yote, isirekebishwe. Badala yake wape ushahidi wanaoweza kuutembelea kwa miguu. Mfano ninaoupenda ni marufuku ya mifuko ya plastiki, ambayo Kenya iliianza tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Wanafunzi wako wakumbuke au wawaulize wazazi wao mambo yalivyokuwa kabla, kisha waende sokoni na daftari. Muuza nyanya anafungia nini leo? Muuza karanga je? Mteja aliyesahau kikapu analipa shilingi ngapi kwa mfuko mbadala, na anaurudia mara ngapi kabla haujachanika? Mwanafunzi akirudi na majibu ya wauzaji kumi anaweza kuandika "kati ya wauzaji kumi niliowauliza katika soko letu", na sentensi hiyo ina nguvu kuliko asilimia tisini ya hewani, kwa sababu msomaji anaweza kwenda kuihakikisha. Tena hapo ndipo wanapogundua kwamba ushahidi una tabia ya kukataa kusema ulichotaka useme. Aliyekwenda kuthibitisha kwamba marufuku imefaulu anaweza kukuta vifungashio vyembamba bado vinatumika, na italazimu dai lake libadilike. Mwache alibadili. Usimpunguzie alama kwa hilo, mwongezee.

Mwalimu wa Kiswahili, Kakamega

Hapo kwa mashairi umenipata, nitajaribu. Sasa nina swali la mwisho ambalo wenzangu wengi watakuwa nalo. Una darasa la wanafunzi sitini na zaidi. Aya ya mpinzani inaandikwa, inarudishwa, inaandikwa tena, kisha insha yenyewe inakuja. Unasahihisha lini? Na utajuaje kwamba hiyo aya nzuri haikuandikwa na akili bandia ya kwenye simu ya kaka yake?

Mleta uzi

Aya ya mpinzani siisahihishi mimi. Inasahihishwa na mwenzake kwa swali moja tu: je, ningekuwa mimi ndiye mkuu wa shule, ningekubali kwamba haya ni mawazo yangu? Ndiyo au siyo, na sababu katika sentensi moja. Mimi ninapita kati ya madawati na kusoma zile zinazobishaniwa. Insha kamili ninazikusanya mara chache kwa muhula, na ninapozisahihisha ninachagua jambo moja. Safari hii ninatazama kama hofu ya msomaji imejibiwa. Safari ijayo ushahidi. Nyingine kama hitimisho linaomba jambo mahsusi, kwa mtu mahsusi, kwa tarehe fulani, badala ya kuwaagiza serikali, wazazi na jamii washirikiane. Makosa ya tahajia ninayapigia mstari bila maelezo, na wakati wa mitihani ya ndani ninafuata mwongozo kamili kama kila mtu.

Akili bandia inaandika vizuri sana ile insha ya faida na hasara, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha. Haijui kwamba matroni wa bweni la wasichana huondoka Jumamosi saa kumi, wala haijamuuliza muuza karanga wa soko lenu. Hata hivyo siitegemei tofauti hiyo peke yake. Rasimu ya kwanza inaandikwa darasani kwa kalamu, na baada ya insha kukabidhiwa ninawaita wachache mbele bila taarifa. Darasa linachukua nafasi ya mkuu wa shule na kuwauliza maswali kwa dakika tatu kila mmoja, daftari likiwa limefungwa. Aliyeiandika mwenyewe hujibu, hata kwa kubabaika. Ambaye hakuiandika hukwama kwenye swali la kwanza, na darasa huwa limejua kabla yangu.

Kwa mwenzetu wa Kigoma: ukitaka, niandikie kwenye ujumbe wa faragha nikutumie maswali ya sokoni ninayoyatumia. Ni ukurasa mmoja, yanaweza kuandikwa ubaoni.